Kurasa Kumi na Moja za Mwisho

"Sifuri!" Mwalimu Severini alilirusha daftari, likampiga Mbuke begani. "Kidato cha Tatu kizima kimeandika kwamba mwisho wa riwaya Evelina alikufa maji. Wewe peke yako umemfufua. Kwa ruhusa ya nani?"

Darasa likacheka. Nani angethubutu kununa? Kwa Mwalimu Severini, asiyecheka naye huandikwa jina.

Pale Ifakara hakuna aliyebishana naye kuhusu *Dungu la Mwisho*, riwaya ya zamani isiyochapishwa tena. Kitabu kilikuwa kimoja tu, chake, na wanafunzi walisoma kopi. Kurasa kumi na moja za mwisho hata yeye hakuwa nazo. Zilikuwa zimechanika, nazo zilikuwa kwenye mkoba wa mkewe, Apolonia, masika ile mtumbwi wake ulipokutwa umepinduka mtoni kule Michenga. Mwili haukuonekana. Mwalimu akaziandika upya kurasa zile kutoka kichwani, na kila Aprili parokia humsomea marehemu misa. Mwalimu hulia mpaka watu humwonea huruma. Ndiyo maana hata mkuu wa shule hamgusi.

Lakini Mbuke alikuwa kichwa kigumu, tena mwenye sababu. Sifuri ile ingemkaririsha darasa, na baba yake alishaapa: akikariri, shule basi, anarudi Michenga kukaa dunguni kufukuza ndege wa mpunga.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Sura ya tatu, Evelina anasukuma mtumbwi kwa pondo kuliko wanaume. Sura ya saba, anafunga mbegu kwenye khanga. Mtu wa kufa maji anabeba mbegu za nini? Halafu mwandishi huyu kila ukurasa ana tashbiha mbili tatu. Kurasa za mwisho hazina hata moja. Ni mahubiri matupu, kwamba mke aliyemkimbia mume kaadhibiwa. Aliyeandika mwanzo si aliyeandika mwisho."

"Ala! Kumbe mimi mwongo?" Fimbo ikatua mezani, karibu kabisa na vidole vyake. "Dhamira ni uaminifu katika ndoa! Evelina ni msaliti, na maji ni taswira ya hukumu. Andika hivyo!"

"Mumewe Nikodemu anampiga tangu sura ya kwanza, mwalimu. Mimi naona dhamira ni ukombozi."

Mwalimu alimnyooshea fimbo.

"Jumatatu," Severini alisema. "Uniletee huo mwisho unaoujua wewe, uusome hapa mbele. Ukishindwa, ukaote mvi huko dunguni."

Jumamosi Mbuke alipanda basi kwenda Kidatu kwa shangazi yake, Bibiana, kutafuta msaada. Shangazi mambo ya vitabu hakuyajua, ila alikuwa na jirani muuza mchele, mwanamke anayesoma hata gazeti alilofungiwa maandazi. Wakamfuata gengeni kwake.

Mama yule alimsikiliza Mbuke akisoma mwisho wa kopi. Alipofika mahali Evelina anapozama huku akimwomba mumewe msamaha, mama akaangua kicheko. Kisha kicheko kikakatika.

"Nani kawapa upuuzi huu?"

"Mwalimu wetu wa Ifakara, mama. Mwalimu Severini."

Mama akaingia ndani, akakaa humo kitambo. Alitoka na bahasha ya kaki.

"Soma mbele ya darasa lote," alisema. "Usiruke hata neno moja."

Jumatatu Mwalimu Severini alikaa dawati la nyuma kabisa, mikono kifuani, akitabasamu. "Haya, mtunzi wetu. Sauti!"

Mbuke akasoma. Evelina alimwacha Nikodemu juu ya dungu akitukana, akasukuma mtumbwi, na mto ukambeba kama mama ambebavyo mtoto aliyechoka. Akafika ng'ambo. Akafungua khanga, akapanda mbegu zake, na mwaka ule akavuna.

"Umetunga!" Severini alifoka.

"Zimechapwa, mwalimu. Ni karatasi za kitabu, zimechanwa tu."

"Nyamaza! Unadhani utanibabaisha? Soma mpaka nukta ya mwisho, nikuoneshe ujinga wako mbele ya wenzako."

"Riwaya imeishia hapa. Hapa chini pameandikwa kwa peni."

"Nimesema soma!"

Mbuke akaisogeza karatasi karibu na macho.

"'Hata mimi nilivuka, Severini. Waambie parokia waache kunisomea misa. Ni mimi, Apolonia.'"