Taa Chini ya Shuka

Mjinga wa siku ile alikuwa Ladislas mwenyewe, na hata leo hamsingizii mwingine. Alitoka Misiera, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na koti la kuazima, akakaa kando ya Goretti, akaimba nyimbo za harusi mpaka Mbarara.

Sababu alikuwa nayo. Mwaka mzima alikuwa akimposa Goretti, mjane wa Natanaeli mtunza kanisa, na mjane alimpa sharti moja tu: taa ya kanisa lao, ile iliyopotea Kivu, ining'inie tena juu ya waumini. Siku hiyo atamjibu.

Usiku kijiji chao kilipokimbia vita, Natanaeli alibaki kuilinda. Alfajiri alikutwa chini ya mnyororo mtupu, kichwa kimepondwa. Ladislas, kwa simulizi yake mwenyewe, alikuwa ameshavuka mpaka siku mbili kabla.

Sasa ilisemekana taa iko Kamukuzi, mle mle Mbarara, kwenye nyumba kongwe iliyogeuzwa makumbusho. Wote wawili ndiyo kwanza waingie mle. Darini zilining'inia taa za kale, nyingine za vioo vya maua, nyingine za vikombe vya mafuta. Moja tu ilikuwa sakafuni, imefunikwa shuka gubigubi.

"Shuka sitoi bure," alisema Stellah, msimamizi. "Watu watatu nakuja hapa, wote nasema ni yao, wote nasema inang'aa. Hata kijiko nang'aa. Nyinyi mwambie kitu ya kuonyesha ni yenu."

Goretti alitaja matawi manane, na maua ya shaba kwenye kila tawi.

"Hata ile ya sebuleni iko hivyo. Ingine?"

Goretti akarudia matawi na maua yale yale. Stellah akatazama saa. Ladislas akaiona harusi inamponyoka hivi hivi.

"Tawi moya limepinda," akasema. "Chini ya ua, sawa kiwiko ya mulevi."

Stellah akavuta shuka. Tawi moja lilikuwa limepinda, chini ya ua, vilevile alivyosema.

"Mzee, umeshinda. Mtabeba taa yenu."

Ladislas akamgeukia Goretti, akacheka mpaka koti likambana. "Mama Nabintu, miaka kumi unasali chini yake na haukuona? Ao ulikuwa unalala mu kanisa?"

"Yetu haikupinda," alisema Goretti.

"Iko hapa mbele ya macho yako, mama. Utabishana na shaba?"

Goretti alipiga magoti. Akapitisha kidole kwenye ule mpindo, polepole, kama anayepapasa jeraha.

"Ile mangaribi, kabla batu bakimbie, miye ndiye niliipangusa, Natanaeli ananishikia ngazi," alisema bila kugeuka. "Matawi yote munane yalikuwa yamenyooka."