Mwajiri wa Kanga

Ngiri alikuwa na hoteli ya supu, na ubahili wake ulijulikana hadi ng'ambo ya mto. Mhudumu alikuwa mmoja tu, Kanga, aliyezungukia meza zote mbiombio.

Siku moja Nungunungu, mbishi wa kupindukia, aliletewa supu iliyopoa, nusu yake ikamwagikia mapajani mwake, na hata pole hakupewa. Akalipa supu, akainuka.

Ngiri akamzibia mlango. "Na bakshishi ya Kanga je?"

"Ya kunimwagia supu?"

"Mwonee huruma, ndugu yangu. Mimi simpi mshahara, riziki yake imo mifukoni mwenu. Usipompa, leo analala njaa."

Miiba ikamsimama Nungunungu. "Hebu rudia, Mzee Ngiri. Anayemlipa Kanga ni nani?"

"Si nyinyi wateja!"

"Kumbe! Basi mwajiri wake ni mimi." Akaweka bakshishi mezani. "Dada Kanga, vua aproni. Bosi wako nimekupa mapumziko. Keti hapa ule."

Kanga akamtazama Ngiri, akaitazama hela, akaketi. Wateja wengine wakagonga meza: "Na sisi mabosi tumeafiki!"

"Sasa nani atahudumu?" Ngiri akafoka.

"Wewe," akasema Kanga. "Na ufanye haraka, sijala tangu asubuhi."

Ngiri akabeba sahani mwenyewe, jasho likimtiririka, akimwagia kila aliyempitia karibu.

Nanyi wenye hoteli, mkitaka wateja wawalipie wafanyakazi wenu mishahara, msishangae wakiwapa na likizo.