Dansi ya Mjomba Cleophus

Yule mzungu jukwaani alikuwa amejipaka masizi usoni ili aonekane mweusi, na alikuwa anacheza dansi ya mjomba wangu Cleophus. Ile ile ya kuburuza kisigino halafu kugonga mbao kwa vidole, iliyompatia mjomba sifa katika jiji zima la Baltimore.

Wazungu waliokaa viti vya chini, mbele ya jukwaa, wakapiga makofi. Sisi weusi haturuhusiwi kukaa chini, kwa hiyo mjomba alikuwa huku juu roshani na mimi, amevaa viatu vyake vya dansi vyenye vyuma kwenye soli, ambavyo havivui hata akienda kanisani.

"Anakuibia," nikamnong'oneza.

"Hata kuiba hajui. Huo mguu wa kushoto umelala."

Alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania goti.

"Dansi hii nimeitunga mwenyewe," yule mtu akatangaza, akainama.

Mimi darasani hata mkono sinyooshi. Nikasimama.

"Muongo wewe. Mwenyewe yuko huku juu."

Mama mmoja nyuma akanivuta gauni. "We mtoto, kaa, utatufukuzisha."

Sikukaa. Makofi yakakatika, nyuso zote za chini zikageuka kututazama.

Mjomba akashusha pumzi, halafu akainama na kuanza kukaza kamba za viatu, macho yake yakiwa jukwaani.