Akiba ya Maswali

Siku hizi ada ya chuo hulipwa kwa maswali. Mtoto akitaka kuuliza jambo kisha akalimeza, kidani cha shingoni kwake huwaka, na swali hilo linawekwa akiba mpaka akue.

Siwema alikuwa bado hajamchagulia binti yake Mwanahawa mpango. Kulikuwa na wa kumeza maswali nusu siku na wa siku nzima, basi akamchukua mtoto wakaenda kwa wifi yake Tunu, akaone wenzake wanaishije nao.

"Wewe wifi, kuchunguza tu hujambo," Tunu alimtania. "Mimi mwenzio, mwanangu Hamadi nilimwandikisha siku nzima. Ada yake ya chuo karibu itimie, na nyumba imetulia, nasikia hadi maharage yakichemka."

Pale jikoni, ndani ya tenga, kuku alikuwa anaangua. Yai moja lilikuwa limetoboka, kidomo kinachungulia. Siwema akawaita watoto wote wawili, akasimama kando kuwatazama.

Hamadi alitupa jicho mara moja, akarudi kukaa mkekani. Kidani chake hakikuwaka. Hakuwa na la kumeza.

Mwanahawa alipiga magoti, macho yamemtoka, mdomo ukaanza kufunguka. Kisha akageuka kumwangalia Hamadi, akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Uliza, mwanangu," Siwema alimwambia taratibu. "Wewe bado sijakuandikisha."

Mtoto akatikisa kichwa, kiganja kikiwa palepale mdomoni.