Mlango wa Bi Mwanasiti

Waliibomoa nyumba ya Bi Mwanasiti asubuhi, kwa kuwa kuta zake zingeua mtu, wakauacha mlango, kwa kuwa ulikuwa urithi wa mji. Ukabaki umesimama peke yake na nakshi zake, mbele njia, nyuma kifusi.

“Hauguswi, mama,” alisema afisa wa uhifadhi. “Haung’olewi wala hausogezwi.”

“Sawa, mwanangu. Sasa ni mlango wa kuingia wapi?”

Afisa akautazama mlango, akatazama kifusi, akajikuna shingo. “Hilo waulize waliobomoa. Ile ni idara nyingine.” Akaenda zake.

Bi Mwanasiti akavuta kigoda hadi palipokuwa ukumbi wake, akaketi. Mlango alikuwa ameufunga kwa mazoea, ufunguo ukarudi kwenye pindo la kanga, na sasa hakujua kama amejifungia ndani au nje.

Alasiri akaja jirani yake, Bi Zamzam, na birika la chai. Angeweza kupita kando tu, kwenye mawe. Hakupita. Alisimama mbele ya mlango, akagonga.

“Hodi.”

Bi Mwanasiti akafungua kinywa aseme karibu, akasita. Karibu wapi?

“Hodi, mwenye nyumba.”

Hodi ya tatu isipojibiwa, mgeni hurudi kwao. Mji mzima unajua hivyo. Bi Mwanasiti akainuka upesi, akafundua pindo, akautafuta ufunguo. Upande wa pili wa mlango akasikia birika likitua chini, na Bi Zamzam akivua ndara.