Muungurumo wa Taa

Fundi redio aliinamia kibana sauti alichojiundia, chenye kutumia betri kama redio yake ya kanda. Alitaka kishushe kelele za wageni kwenye kanda ya zamani na kuinua sauti ya chini ya marehemu mkewe, maana hakuwa na kanda nyingine yenye sauti hiyo. Lakini kilinguruma tu.

"Baba, pumzika basi," binti yake alisema.

Umeme ukakatika. "Wakubwa hao! Wanajua kushiba tu!" fundi akafoka.

Muungurumo nao ukakatika. Kidole chake kikagusa jicho dogo la kuhisi mwanga la kibana sauti, alilosahau kulifunika. Kumbe lilikuwa linanasa mtetemo wa mwanga wa taa ya darini na kuugeuza muungurumo!

"Huyu mume wangu akicheka, utadhani jenereta," sauti ya mkewe ikatoka kwenye spika, waziwazi.

Binti akajishika mdomo. "Mama!"

"Mungu awabariki wakubwa wa umeme," fundi akanong'ona. "Leo wasirudishe."