Klipu za Gari la Sjur

Mpira wa maji wa gari ulikuwa umechomoka tena. Eilif alipofungua boneti aliukuta unaning'inia kando ya rejeta, na maji ya kijani yametapakaa sakafuni mwa banda mpaka kwenye rundo la kuni. Jana yake aliifunga mwenyewe klipu inayoubana, akawasha gari, akaliacha lingurume mpaka injini ikapata moto, kisha akapapasa kiungo kile kwa vidole. Kilikuwa kikavu.

Gari lilikuwa la Sjur, mdogo wake. Vuli iliyopita Sjur alipakia vitu vyake akaelekea pwani, alikopata kazi kwenye kiwanda cha samaki. Mkewe, Torgunn, angemfuata baadaye. Juu mlimani, mahali ambapo hapana nyumba wala simu haishiki, mpira ulichomoka, maji yakamwagika yote, injini ikachemsha na kuzima. Dhoruba ya theluji ilimkuta njiani akitembea kutafuta msaada. Yeye alirudishwa bondeni kwenye jeneza. Gari lilirudi bila hata mkwaruzo.

Klipu iliyolegea ilikuwa kazi ya Eilif. Alikuwa fundi wa magari katika mji ulio chini ya bonde, naye ndiye aliyepanda kwa mama yake kuifunga, siku moja kabla Sjur hajaondoka. Hakuna aliyemlaumu. Mama yao, Gudveig, hakutaka hata kulisikia jambo hilo.

"Usijitese, mwanangu," alikuwa akimwambia kila alipomwona ameinamia kikombe cha kahawa bila kunywa. "Wewe uliikaza sawasawa."

Eilif alishukuru, ila hakuamini. Mama huwa mwema kwa wanawe.

Sasa Torgunn naye alikuwa anaondoka. Tangu msiba alibaki akiishi na mkwewe, wawili peke yao mezani, na kiti cha Sjur kati yao. Nyumba ilikuwa imemlemea. Dada yake alimtafutia kazi huko huko pwani, na gari lilikuwa hilo moja. Alitaka avuke mlima kabla theluji haijafunga barabara. Lakini kila Eilif alipolitengeneza, asubuhi walilikuta limemwaga maji.

Safari hii alikuja na mfuko mzima wa klipu. Alimwita Torgunn bandani, akazimwaga mezani. Hakutaka kuchagua peke yake tena.

Alimwonyesha zile za skrubu, za aina aliyomfungia Sjur. Mkanda wake una matundu, na ukikaza sana mpira huvimba ndani ya matundu hayo ukakatika. Nyingine ilikuwa na mkanda laini, lakini kubwa mno kwa bomba lile. Hata ukiikaza mpaka mwisho, ilibana upande mmoja ikaacha mwingine. Torgunn akaokota pete nene ya chuma isiyo na skrubu kabisa.

"Na hii, shemeji?"

"Ya springi hiyo. Injini ikipata moto mpira unatanuka, nayo inatanuka. Ikipoa, inaufuata. Haichoki kubana."

"Inafunguliwaje?"

"Kwa koleo hilo hapo ukutani, tena uwe umekula. Hata mimi hunitoa jasho."

Torgunn aliigeuzageuza mkononi. Kisha akasema kwa sauti ndogo jambo ambalo majirani walikuwa wakilinong'ona, kwamba labda Sjur hataki gari lile lirudi mlimani.

"Alfajiri nasikia mlango wa banda," alisema. "Unafunguliwa taratibu, kama alivyokuwa akiufungua yeye, asimwamshe mtu."

Eilif hakumcheka. Mwenyewe alikuwa amemwona Sjur kwenye kioo cha gari lile, au alidhani amemwona, na tangu hapo hakukigeukia kioo hicho.

Wakachagua ya springi. Eilif aliisugua shingo ya bomba kwa msasa mpaka kutu yote ikatoka, akausukuma mpira ukavuka ukingo, akaiachia klipu ikauma mahali pake. Aliivuta kwa mikono miwili. Haikutikisika. Siku hiyo alikula chakula cha mama yake mpaka akamaliza sahani, na akalala huko huko.

Asubuhi ya kuagana, Torgunn alikuja kumwita bila koti. Mpira ulikuwa umechomoka. Klipu ilikuwa imelazwa juu ya injini, katikati, kama pete aliyoivua mtu anayenawa mikono.

Eilif aliketi kizingitini. Alisema chuma kile hakijifungui. Akanyanyua macho kuutazama mlima, ambao ulikuwa umeanza kuwa mweupe kileleni, akazungumza na ndugu yake kwa sauti, mbele ya Torgunn, bila haya. Alimwambia kosa lilikuwa lake. Mkono uliomuua ulikuwa huu hapa, basi amshike yeye, amwachie mwanamke aende zake.

Nyayo zilisikika nyuma yao, na Gudveig akatokea na birika la kahawa. Alilishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, na damu ilikuwa imepenya kiganjani.

Torgunn alimuuliza ameumia na nini. Kikongwe aliliweka birika chini, kwenye yale maji ya kijani, akamtazama mwanawe aliyebaki.

"Usimwombe radhi tena, Eilif," alisema. "Klipu ya Torgunn nimeitoa kabisa, asitoke hata uani. Ya Sjur niliilegeza kidogo tu. Nilidhani atakwama hapa darajani, arudi nyumbani."